Stesheni ya kijijini kwetu si ya Mjerumani! Njooni tuongee reli ya karanga (Lindi na Mtwara)

Mjukuu wa Stesheni (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo kijijini wiki ya pili sasa, nilikuja kumzika mama mdogo. Matanga yameisha, wageni wameondoka, mtandao unashika ukikaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji tu, basi nimekaa hapo na donge langu.

Kijiji chenyewe ni upande wa Mtama ukipandisha kuelekea Nachingwea. Jina nalificha makusudi, mkisoma mtaelewa. Nje kidogo ya kijiji kuna gofu la stesheni ya reli. Limebaki jukwaa la zege, hatua zangu arobaini na kitu, kuta mbili za jengo lisilo na paa, na msingi wa tangi la maji ambao watoto wameugeuza mteremko wa kuserereka. Reli hakuna, taluma (vile vipande vinavyolazwa chini ya reli) hakuna hata moja. Tuta lenyewe linaonekana vizuri ukisimama jukwaani jioni, limenyooka kama rula likiingia kwenye mikorosho ya watu. Mgeni akiuliza, kuanzia mtoto wa darasa la pili hadi mwenyekiti, jibu ni moja: "Hii stesheni ya Mjerumani."

Na hapo ndipo balaa lilipoingilia. Juzi nimekwenda kupunga upepo, nakuta sakafu ya chumba cha tiketi imechimbwa shimo la kufukia ng'ombe. Kuuliza, naambiwa kuna "mtaalamu" alikuja baada ya msimu wa korosho, wakati watu wana hela, akiwa na mashine inayolia pii pii pii. Kala kuku, kalala kwenye kitanda cha watu, kaonyesha sehemu tatu zenye "mali ya Mjerumani", kachukua michango kaondoka kufuata dawa ya kulainisha majini wanaolinda mzigo. Hajarudi. Vijana wakachimba wenyewe bila dawa. Wamepata misumari ya reli, kipande cha chupa nene ya kijani, na sarafu moja yenye tundu katikati. Sarafu kaishika mjomba wangu, aliyechanga elfu themanini, kaificha kwenye kiberiti na hataki mtu aione.

Sasa nisikilizeni. Mjerumani aliondolewa huku mwaka 1917. Reli hii ilifunguliwa Oktoba 1949. Kati ya hapo kuna miaka 32, mtu anazaliwa, anaoa, anapata na mvi za kwanza. Aliyeijenga ni Mwingereza, na aliijenga kwa ajili ya karanga. Ndiyo, karanga hizi hizi za kukaanga. Kuanzia siku inafunguliwa mpaka inafungwa ilidumu miaka 13 tu. Mwembe ninaoegemea hapa una umri mkubwa kuliko uhai wote wa treni hiyo.

Anayejua zaidi aje. Nitaendelea baada ya chakula, wameniita.

Kuchele

Nimekaa mbele kabisa, nina bisi.

Ila mkuu, mjomba na elfu themanini zake niombee radhi, nimecheka mpaka mke wangu kaniuliza kuna nini.

Mpiga Debe Masasi

Usiwacheke, hata Masasi wamechimba sana. Ukiona jiwe limepangwa juu ya jiwe, tayari ni la Mjerumani. Wamechimba mpaka choo cha shule kongwe.

Mjukuu wa Stesheni

Nimerudi. Ugali wa muhogo na kisamvu, sijala hivi tangu mwaka juzi.

Hadithi inaanzia mbali. Vita Kuu ya Pili imekwisha 1945, Uingereza imeshinda lakini haina mafuta ya kula. Siagi kwa mgawo, majarini kwa mgawo. Mwaka 1946 bwana mmoja, Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, tawi la Unilever, akapeleka wazo serikalini: tulime karanga Afrika Mashariki kwa matrekta, kwa ukubwa ambao dunia haijawahi kuuona. Wakatumwa wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka, nyingi ya safari kwa ndege, wakarudi na mpango wa mashamba 107, kila shamba ekari 30,000. Rudieni kusoma hiyo. Shamba moja ekari elfu thelathini.

Katika hayo 107, mashamba 80 yawe Tanganyika, na katika hayo 80, mashamba 55 yawe Jimbo la Kusini, yaani kwetu huku, wakati Lindi na Mtwara ni kitu kimoja. Kongwa mnayoisikia kila siku ilipangiwa 15, Urambo 10. Kwa hiyo Kongwa ilikuwa pa kuanzia tu, kwa sababu reli ya kati ilikuwa karibu. Moyo wa mpango ulikuwa Nachingwea.

Lakini Nachingwea utaitoaje karanga? Barabara ni ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Bandari ya Lindi ni ya kina kifupi, meli inatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari. Kwa hiyo wakaamua vitu viwili kwa pamoja: bandari mpya ya kina kirefu pale Mtwara, na reli mpya kutoka pwani mpaka Nachingwea.

Bandari ilikuwa haijawa tayari, nao wana haraka. Wakajenga gati Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari unaopokea mto Lukuledi, jirani na Mingoyo. Tishari linabeba mzigo kutoka Lindi mpaka Mkwaya, pale treni inapakia, inapita Ruo, inapanda bara. Hicho ndicho kipande kilichofunguliwa Oktoba 1949, na stesheni yetu imo humo.

Binti Mikindani

Hapo kwenye bandari niongeze, maana mimi ni mtu wa Mtwara na hili linanihusu. Mgeni akija mara ya kwanza huwa anauliza mbona mji wenu barabara zake pana hivi na nyumba zimeachana hivi. Ndiyo hiyo karanga. Mji wa zamani ulikuwa Mikindani, wenye nyumba za mawe, milango ya nakshi na jahazi zake. Mtwara ilichorwa upya kwenye karatasi kwa ajili ya watu ambao hawakuja. Ukienda kwa miguu kutoka bandarini mpaka sokoni kwenye jua la Desemba, unaulaani ule mchoro hatua kwa hatua.

Kuchele

Binti Mikindani hahaha. Bodaboda wanaushukuru huo mchoro lakini.

Mwana Ngongo

Mwenye uzi unaandika vizuri ila unapotosha. Babu yangu mzaa baba aliwahi kusukuma reli ya Mjerumani hapo Mingoyo. KUSUKUMA, kwa mikono. Alikufa 1971, mimi nikiwa mdogo lakini namkumbuka, mabega yalikuwa na sugu. Sasa wewe unasema reli imeanza 1949. Babu yangu mwaka 1949 alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili. Alisukuma nini?

Mjukuu wa Stesheni

Mwana Ngongo, babu yako hakudanganya, na nakushukuru kwa kulileta. Alisukuma toroli.

Hiyo ni reli nyingine kabisa. Wakati wa Vita ya Kwanza, 1917, jeshi la Mwingereza lilipotoka Lindi kumfukuza von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, mapigano yalikuwa makali bonde lote la Lukuledi. Yale ya Mahiwa, jirani na Nyangao, ya tarehe 15 mpaka 18 Oktoba 1917, ni kati ya mabaya kabisa ya vita ile kwa upande wetu wa dunia. Mzigo wa jeshi ulibebwa vichwani na wapagazi, wakafa kwa maelfu kwa kuhara na njaa. Ndipo ikalazwa reli nyembamba kutoka Mingoyo kuelekea bara, upana wa sentimita 60, yaani mtu unaivuka bila kupanua hatua. Baada ya vita ikabaki inatumika miaka kadhaa kwa mizigo ya kawaida, matoroli yakisukumwa na watu.

Hii ya karanga upana wake ni mita moja, sawa na reli ya kati na ile ya Tanga. Toroli halikai humo hata ulilazimishe.

Nadhani hapa ndipo jina la Mjerumani lilipozaliwa. Wazee walioisukuma ile ndogo walipoona inakuja kubwa, zote zikaitwa "reli". Wajukuu wakaja kuunganisha. Na Mjerumani mwenyewe alishaacha alama nzito huku, Maji Maji ya 1905 watu hawajaisahau, misheni ya Nyangao na ya Lukuledi zilichomwa mwaka huo huo. Kwa hiyo kila cha kale kinatafuta baba, na baba aliye karibu ni yeye. Lakini reli kubwa ya kusini hakuwahi kuijenga. Alipima njia ya kutoka Kilwa mpaka Ziwa Nyasa, ikaishia kwenye makaratasi.

Mwana Ngongo

Sawa, nimekuelewa kwenye upana. Hapo nakupa.

Ila Mjerumani bado simtoi moja kwa moja. Leta ushahidi wa kushika mkononi, si wa mdomo.

Taluma

Wanangu, hamjambo. Mimi nimefanya kazi ya reli tangu 1968, njia ya Tanga, kwenye magenge ya matengenezo, mpaka nikastaafu unyapara. Jina hilo nimepewa kazini.

Mnauliza reli ya kusini imekwenda wapi. Nilipoanza kazi, nyapara wetu alikuwa mtu wa Lindi, Mmwera. Tulikuwa kwenye kipande cha Mnyusi kwenda Ruvu, kile kinachounganisha njia ya Tanga na njia ya kati. Siku moja tumekaa tunakunywa chai, akapiga reli kwa nyundo ndogo, akasema: "Huyu ndugu yangu, tumetoka naye nyumbani." Tukadhani mzaha. Akatuambia kule kwao waling'oa kila kitu, reli, mataluma, vifungio, vikapakiwa melini, vikaja kulazwa huku. Alikuwa kwenye kundi lililong'oa, na kundi hilo hilo baadhi wakaletwa kulaza. Alituonyesha na alama ya nyundo anayosema ni ya kwake.

Hayo ni maneno ya nyapara wangu, mimi sikuwepo.

Mjukuu wa Stesheni

Mzee Taluma, shikamoo. Umenipa kitu ambacho sikutegemea kukipata. Na mwaka unakubali: ya kwetu ilifungwa 1962, na kipande cha Mnyusi na Ruvu kilifunguliwa 1963. Mwaka mmoja tu katikati.

Naomba nikuulize, mataluma ya njia ile yalikuwa ya mbao au chuma?

Taluma

Marahaba mwanangu. Niliyoyakuta mimi ni ya chuma, yamekunjwa kama bakuli lililofudikizwa. Ya mbao huku mchwa wangeyamaliza kabla treni haijapita mara ya pili. Ya chuma yana ubaya wake, yakishika kutu upande wa chini huoni, unakanyaga unadhani nzima kumbe imebaki ganda. Ndiyo maana tunagonga. Nzima inalia "ng'aa", mbovu inalia "bwa". Siku moja nimegonga mia nne na kitu kabla ya chakula cha mchana. Mpaka leo nikipita karibu na chuma chochote mkono unawasha.

Kuchele

Mzee Taluma andika kitabu. Mimi nitachapisha kwa hela ya korosho, kama wakinilipa.

Mpiga Debe Masasi

Kuna mtu wa Masasi hapa jamani, msitusahau. Sisi treni ilitufikia 1958, tawi lilichepukia Chilungula. Miaka minne tu ikafungwa! Mama yangu alipanda mara moja, kwenda Mtwara kutibiwa jicho. Anasema alilala njia nzima, alipoamka amefika. Ndiyo kumbukumbu yote ya reli katika ukoo wetu.

Dada Naliendele

Swali la kizembe: kwa nini waliifunga? Mbona korosho zilikuwepo? Leo msimu ukifika malori yamejaa barabarani mpaka lami inakatika, halafu reli eti ilikosa mzigo?

Mjukuu wa Stesheni

Dada Naliendele, si swali la kizembe, ndilo lenyewe.

Tazama tarehe zinavyofuatana. Treni inafunguliwa Oktoba 1949. Januari 1951 serikali ya Uingereza inatangaza mradi wa karanga umekufa, hasara kama pauni milioni 36. Mpango wa mwanzo ulikuwa wa pauni milioni 25 kwa kazi yote. Maana yake treni ilikuwa na umri wa miezi 15 tu wakati mzigo wake ulipotangazwa marehemu. Ni kama kununua pikipiki ya kubebea samaki, kufika ufukweni ukakuta bahari imehama.

Na haukufa kwa bahati mbaya. Kongwa mwaka wa kwanza walitaka kulima ekari 150,000, baadaye wakapunguza hadi 50,000, na baada ya miaka miwili karanga zilizovunwa zilikuwa tani 2,000. Udongo wa kule mvua ikikatika unakauka kama tofali, karanga imo ndani huwezi kuing'oa. Matrekta yalikuwa mitumba ya jeshi, mengine vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa kuwa matrekta, yanakatika kwenye visiki. Wakati wanahangaika na hayo, huku kwetu kazi ya reli na bandari ilikuwa inaendelea tu, kwa sababu ilishaanza na hela ilishatoka. Bandari ya Mtwara ilikuja kufunguliwa 1954, miaka mitatu baada ya mazishi ya karanga! Reli nayo ikaungwa kutoka Ruo hadi Mtwara, na kile kipande cha Mkwaya kikakosa kazi.

Korosho zilikuwepo, ufuta, muhogo, mbao pia. Lakini korosho ni ya miezi michache. Oktoba hadi Januari umejaa, Machi mpaka Agosti unavuta mabehewa matupu, na bado kuna mishahara ya stesheni masta, mlinzi wa tangi, magenge ya njia. Reli ilijengwa kwa mzigo wa mashamba 55, ikaachiwa mzigo wa wakulima wenye mikorosho ishirini ishirini. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likawa linahesabu hasara kila mwaka. 1962, uhuru hata haujamaliza mwaka, ikafungwa.

Ninachokasirikia mimi si kufungwa. Ni kung'olewa. Ingeachwa hata ilale pale. Kusini tumekaa miaka arobaini baada ya hapo tunavuka Rufiji kwa kivuko, mpaka daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003. Kila miaka kadhaa tunasikia reli ya Mtwara kwenda Mbamba Bay, yenye tawi la Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma. Nikisikia hivyo naenda kutazama tuta letu.

Dada Naliendele

Aisee. Nimekaa Mtwara miaka tisa, kwenye mambo ya korosho hayo hayo, na sikuwahi kuijua hii.

Binti Mikindani

Wazee wa mipango wangepewa uzi huu usiku mmoja tu.

Mwana Ngongo

Mwenye uzi, ushahidi wa mkononi uko wapi? Usituletee pauni milioni.

Mjukuu wa Stesheni

Mwana Ngongo umenifanya leo nidamke.

Shuleni kuna kengele. Si kengele, ni kipande cha reli, urefu kama mkono wa mtu mzima, kimetundikwa kwenye mkorosho kwa waya wa umeme, kinagongwa na msumari mkubwa wa reli. Nimekisikia utoto wangu wote na sikuwahi kukitazama. Leo nimemwomba mwalimu mkuu, tukakishusha, nikaomba mchanga na maji na kipande cha gunia, nikasugua ubavu. Watoto wamenizunguka, mmoja ananiuliza kama natafuta mali. Kutu ikatoka nyekundu kama uji wa ulezi. Nikaendelea. Zikaanza kutokea herufi zilizovimba: kwanza E mbili, halafu L, halafu mbele T. STEEL. Baada ya hapo pamekatwa kwa msumeno, hakuna mwaka.

Kwa Mjerumani chuma hicho kinaitwa Stahl. Haya.

Mwana Ngongo

Mjerumani hawezi kununua chuma Uingereza?

Kuchele

HAHAHAHA huyu mzee hatoki uwanjani.

Mpiga Debe Masasi

Mwana Ngongo apewe kadi nyekundu.

Mjukuu wa Stesheni

Nilijua utasema hivyo. Subiri basi.

Mchana nikaenda kwa bibi, mama yake mama. Haoni vizuri lakini masikio yako kamili. Nikamwuliza habari za stesheni. Akaniuliza kwanza nani kakutuma. Nikamwambia sijatumwa. Akacheka, akaniambia nimletee ungo uliotundikwa ukutani, akauweka mapajani hivi, kama mtu anayepepeta. Akasema huu si ule, ule ulioza, lakini alikuwa anakaa na ungo kama huu mwisho wa jukwaa, upande wa daraja la tatu, kwa sababu wa daraja la kwanza hawashuki. Anauza karanga za kuchemsha. Kopo senti kumi.

Nikamwambia bibi, rudia. Karanga?

Karanga, kwani kuna nini. Alikuwa msichana mdogo, mama yake analima ekari moja na nusu nyuma ya nyumba, kwa jembe la mkono, na zilikuwa zinakubali kila mwaka. Anasema treni ikisimama wapiga makasia wa Mkwaya wanaokwenda kwao likizo ndio wateja wakubwa, wananunua mpaka zinakwisha. Na wale mabwana wa matrekta? "Wao walikuwa wanakula za kwenye mkebe."

Kwa hiyo wakuu, kwa kadiri ninavyoweza kujua, mzigo pekee wa karanga uliowahi kupita stesheni ya kwetu ulipita kwenye ungo wa bibi yangu.

Halafu akaniambia jambo lililonisimamisha nywele. Senti kumi za wakati huo zilikuwa na tundu katikati. Hakuwa na mfuko, alikuwa anazitunga kwenye kamba ya katani na kujifunga kiunoni chini ya kaniki. Siku moja kamba ikakatika akiwa anakimbia mvua kuingia chumba cha tiketi. Sakafu wakati ule ilikuwa na nyufa, nyingine ziliingia huko. Alilia, na alichapwa.

Nikatoka pale mbio kwa mjomba.

Kuchele

USIISHIE HAPO

Dada Naliendele

Jamani mimi niko kazini na sifanyi kazi.

Mjukuu wa Stesheni

Samahani, mtandao ulikata.

Mjomba alikataa mpaka nikamwambia maneno ya bibi. Akafungua kiberiti. Sarafu ya shaba, imeiva kijani pembeni, ina tundu. Yule "mtaalamu" hakuwa mjinga sana, maana Mjerumani naye alikuwa na heleri (senti zake) zenye tundu, mtu akiona tundu tu anaweza kuruka nazo. Lakini ya Mjerumani imeandikwa Deutsch Ostafrika. Hii nimeifuta kwa ndimu na majivu. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelikumbatia tundu, East Africa, na mwaka 1952. Upande wa pili, GEORGIVS SEXTVS REX. Mfalme George wa Sita.

Mwana Ngongo, hiyo mkononi.

Mwana Ngongo

Nimevua kofia. Mjerumani aende zake.

Mpe bibi sarafu yake.

Taluma

Mwanangu, mpelekee bibi salamu za mzee wa reli. Mwambie wauza karanga wa stesheni ndio waliotulea sisi.

Mjukuu wa Stesheni

Nimempelekea mzee wangu. Salamu pia. Sarafu ameishika, ameitia kidole kidogo kwenye tundu, haingii, kasema imesinyaa. Mjomba alikuwepo, kaikubali kuiachia, roho inamuuma lakini kaachia.

Jioni nimewakusanya vijana pale jukwaani, nikawaeleza yote, kuanzia majarini mpaka kung'olewa kwa mataluma. Kwamba hakuna Mjerumani, hakuna rupia, hakuna majini, kuna hasara tu ya pauni milioni 36, na tufukie shimo kabla mbuzi wa mtu hajatumbukia. Wakaelewa. Wawili wakaenda kuleta makoleo.

Mjomba alikuwa kimya muda wote, amekaa juu ya msingi wa tangi, anatazama kule tuta linakoelekea Nachingwea. Tumeshaanza kufukia ndipo akaniita pembeni, akainamia sikioni:

"Hizo pauni milioni 36 ulizosema zimepotea. Zilipotelea upande gani hasa?"